Maharage Hayana Kesi: Jongo na Sahani ya Mgonjwa

Mtu anayeambiwa ana jongo, ugonjwa ambao wengi tunauita gauti, hutoka hospitali na vitu viwili mkononi: vidonge vya kutuliza maumivu na orodha ya vyakula vya kuacha. Orodha hutofautiana, lakini nyama nyekundu na maharage ni nadra kukosekana, na mara nyingi dagaa, uyoga na mchicha navyo vimo. Akifika nyumbani, ndugu na majirani wanaongeza vya kwao: nyanya, mayai, karanga, ndimu. Haupiti muda mrefu mgonjwa anakula ugali kwa kabichi, amepungua, hana raha mezani, na bado usiku mmoja kidole gumba cha mguu kinavimba na kuwaka kiasi kwamba shuka likikigusa anapiga kelele. Asubuhi anaulizwa: jana ulikula nini?

Si vibaya kuuliza. Vibaya ni kuuliza kana kwamba jibu lote limo sahanini. Chakula kina sehemu yake katika jongo, na sehemu hiyo ni ya kweli. Lakini ni ndogo kuliko tunavyoamini, na hata ndani ya udogo wake tumekataza vyakula visivyo na kosa huku tukiviacha vyenye kosa vipite. Anayeugua jongo anastahili kujua mipaka ya chakula ilipo, ili asiteseke bure kwa kuacha asichopaswa kuacha, wala asikose tiba inayoweza kumwondolea maumivu kabisa.

Maumivu yanatoka wapi

Kila seli hai, iwe ya ng'ombe, ya samaki, ya kunde au ya mwili wako mwenyewe, ina kemikali zinazoitwa purini. Seli zinapochakaa na kuvunjwa, purini nazo huvunjwa, na mabaki yake ya mwisho ni asidi ya yuriki. Mamalia wengi wana kimeng'enya kinachoichukua asidi hiyo na kuigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka kwa urahisi. Binadamu, pamoja na sokwe, walikipoteza kimeng'enya hicho zamani sana katika historia ya viumbe. Kwetu sisi asidi ya yuriki haina budi kutolewa ilivyo: theluthi mbili hivi hupitia kwenye figo, na iliyobaki hutokea kwa njia ya utumbo.

Ukikoroga sukari kwenye kikombe cha chai, inayeyuka mpaka kiwango fulani. Ukizidisha, inatuama chini, na chai inapopoa inatuama nyingi zaidi. Damu nayo ina kiwango chake, ambacho ni takriban miligramu 6.8 za asidi ya yuriki kwa desilita moja. Ikizidi hapo kwa miezi na miaka, hujijenga fuwele nyembamba zenye ncha kama sindano, hasa kwenye viungo vya pembezoni ambako joto la mwili ni dogo. Ndiyo maana kidole gumba cha mguu huwa cha kwanza kuumia kwa wagonjwa wengi. Kinga ya mwili inapozigundua fuwele hizo, inazivamia kama inavyovamia vijidudu, na vita hiyo ndiyo uvimbe, joto na maumivu tunayoyajua. Fuwele zenyewe zilithibitishwa ndani ya majimaji ya viungo vya wagonjwa mwaka 1961, na madaktari wawili wa Marekani, Daniel McCarty na Joseph Hollander.

Katika maelezo hayo kuna jambo linalotupotosha mno. Shambulio la jongo hutulia lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, hata bila dawa yoyote. Kwa hiyo aliyeanza kunywa maji ya ndimu siku ya tano atasema ndimu imemponya, na aliyeacha maharage siku ya sita atasema maharage ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza. Wote wanasema walichokiona kwa macho yao, na wote wawili wamekosea. Maumivu yameondoka, lakini fuwele bado zimo kwenye kiungo zikisubiri siku nyingine. Ushauri mwingi wa chakula unaozunguka mitaani umezaliwa kwa njia hii.

Sehemu ya chakula ni ipi

Kiasi cha theluthi mbili za asidi ya yuriki mwilini hutokana na mwili wenyewe, katika kazi yake ya kila siku ya kuvunja na kujenga seli. Theluthi moja hivi ndiyo inayotokana na chakula. Isitoshe, kwa wagonjwa wengi sana wa jongo, tatizo kubwa si kutengeneza asidi nyingi bali figo kushindwa kuitoa ya kutosha, na udhaifu huo kwa kiasi kikubwa hurithiwa.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa takwimu za Wamarekani 16,760 wenye asili ya Ulaya. Watafiti walitaka kujua nini kinaeleza tofauti ya asidi ya yuriki kati ya mtu na mtu. Mpangilio mzima wa ulaji ulieleza asilimia 0.3 au pungufu ya tofauti hiyo. Vinasaba vilieleza karibu asilimia 24.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zinaeleza kwa nini fulani ana asidi nyingi kuliko jirani yake. Hazisemi kwamba fulani akibadili chakula chake hatapata nafuu. Tena hazikupimwa kwa Waafrika wa bara letu. Hata hivyo zinatosha kuvunja dhana moja kongwe, kwamba jongo ni adhabu ya walafi. Watu wawili wanaweza kukaa meza moja miaka ishirini, wakala nyama ileile na kunywa bia zilezile, mmoja akapata jongo na mwingine asipate. Tofauti yao haimo kwenye sahani.

Dhana hiyo imewaumiza wengi, na wanawake kwa namna yao. Homoni ya estrojeni husaidia figo kutoa asidi ya yuriki, ndiyo maana jongo ni nadra kwa mwanamke kabla ya kukoma hedhi. Baada ya hapo kinga hiyo huondoka. Mama wa miaka 65 asiyegusa pombe, anayekula nyama siku ya Idi au Krismasi tu, anaweza kupata jongo sawasawa na mwenye baa. Lakini kwa kuwa hafanani na picha tuliyonayo ya mgonjwa wa jongo, ataambiwa ni uzee, au baridi yabisi, na atapakwa dawa ya kuchua mwaka hadi mwaka.

Vyenye kosa na visivyo na kosa

Ukitenganisha chanzo na kichocheo, mambo yanaeleweka. Chanzo cha jongo ni asidi iliyokaa juu kwa muda mrefu. Kichocheo ni kile kinachoamsha shambulio leo, kwa mtu ambaye tayari ana fuwele. Chakula kina nguvu kidogo kwenye chanzo, lakini kwenye kichocheo nguvu yake si ya kupuuzwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia watu 633 wenye jongo na kuwauliza walichokula siku mbili kabla ya shambulio. Waliokula purini nyingi zaidi walikuwa na uwezekano wa kushambuliwa karibu mara tano ya waliokula kidogo zaidi. Purini za nyama na samaki ndizo zilizokuwa na uzito mkubwa. Za mimea zilikuwa na athari ndogo zaidi.

Kuhusu nani anapata jongo kwa mara ya kwanza, kazi inayotajwa zaidi ni ya Hyon Choi na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2004. Walifuatilia wanaume 47,150 wa Marekani kwa miaka 12, na 730 kati yao wakapata jongo. Waliokula nyama nyingi zaidi walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 41 kuliko waliokula kidogo zaidi. Kwa samaki na viumbe wengine wa majini ilikuwa asilimia 51. Lakini mboga na jamii ya kunde zenye purini nyingi, yaani maharage, njegere, dengu, uyoga na mchicha wa Kizungu, hazikuongeza hatari. Matokeo haya yamejulikana kwa zaidi ya miaka 20, na bado tunawanyima wagonjwa wetu maharage.

Hasara ya katazo hilo ni kubwa hapa kwetu kuliko kule utafiti ulikofanyika. Maharage, kunde, choroko na dengu ndiyo protini ya nyumba nyingi kutoka Kigoma hadi Kisumu. Ukimwambia mgonjwa aache nyama na maharage kwa pamoja, umemwachia nini? Ataongeza wanga, uzito utapanda, na uzito wenyewe ni miongoni mwa mambo yanayopandisha asidi ya yuriki. Maharage yarudi sufuriani. Mayai nayo yana purini chache sana, hayana sababu ya kuogopwa. Maziwa yana heshima zaidi: katika utafiti uleule wa 2004, wanaume waliotumia maziwa na mazao yake kwa wingi walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 44, hasa waliotumia yale yaliyopunguzwa mafuta. Bakuli la mtindi usiotiwa sukari ni chakula kizuri kwa mgonjwa wa jongo.

Nyama haihitaji kufukuzwa, inahitaji kupunguzwa na kuchaguliwa. Maini, figo na wengu ndivyo vinavyobeba purini nyingi kuliko nyama ya kawaida, na hivyo mgonjwa anafanya vizuri kuviacha. Supu nayo inastahili neno lake. Purini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo nyama inapochemka kwa saa nyingi, sehemu ya purini zake huhamia kwenye supu. Anayekula vipande viwili vya nyama na kuacha supu amejitendea wema kuliko anayekunywa bakuli zima akidhani ameepuka nyama. Angalia basi desturi yetu ya mwisho wa wiki: Jumamosi jioni nyama choma na bia, Jumapili asubuhi supu ya kutoa uchovu wa bia. Kwa mwenye fuwele viungoni, huo ni mzigo mmoja uliobebwa kwa saa kumi na mbili.

Dagaa ni suala gumu zaidi. Huliwa mzima, na purini zake ni nyingi. Lakini kwa familia ambayo dagaa ndio kitoweo pekee kinachomudika, kukataza moja kwa moja ni kumnyima mtu lishe. Ushauri wenye busara ni kupokezana: leo dagaa kiasi kidogo, kesho maharage, keshokutwa mayai au mtindi.

Bia inaongoza kwa makosa. Katika kundi lilelile la wanaume, kila chupa moja ndogo ya bia kwa siku iliongeza hatari ya jongo kwa karibu nusu, na pombe kali kwa asilimia 15 kwa kila kipimo. Bia inaumiza kwa njia mbili: chachu yake ina purini, na kilevi chenyewe hulifanya ini litengeneze laktiki nyingi ambayo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Mvinyo haukuonekana kuongeza hatari ya kuupata ugonjwa, lakini kwa aliye nao tayari, pombe ya aina yoyote inaweza kuamsha shambulio.

Kisha kuna soda. Kwenye orodha nyingi za makatazo hutaiona, kwa sababu haina purini hata chembe. Lakini sukari yake ina fruktosi, na ini linapoivunja fruktosi hutumia akiba yake ya nishati kwa kasi, na mabaki ya akiba hiyo ndiyo asidi ya yuriki. Utafiti wa mwaka 2008 wa Choi na mwenzake Gary Curhan ulionyesha kwamba wanaume waliokunywa soda mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya jongo iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Soda zisizo na sukari hazikuonyesha hatari hiyo. Juisi za matunda nazo zimo kundini, hasa zile za miwa na za kuongezwa sukari. Mgonjwa aliyeacha bia kwa nidhamu kubwa na kuhamia kwenye soda mbili kila sherehe ameondoa kosa moja na kuingiza jingine, na hakuna aliyemwambia. Tunda lenyewe, likiliwa zima na kwa kiasi, lina nyuzinyuzi na manufaa mengine; lisichanganywe na juisi.

Hesabu inapogoma

Tuseme mgonjwa amefanya yote: bia ameacha, soda ameacha, maini ameacha, uzito unashuka taratibu. Atashusha asidi kwa kiasi gani? Jaribio moja la Marekani liliwapikia watu wazima 103, ambao hawakuwa wagonjwa wa jongo bali shinikizo lao la damu lilikuwa juu, chakula kilichojaa mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Kwa wastani asidi ya yuriki ilishuka kwa miligramu 0.35 tu kwa desilita. Kwa kundi dogo lililoanza na 7 au zaidi, ilishuka kwa takriban 1.3.

Sasa chukua mgonjwa mwenye 9. Akipata matokeo bora kabisa ya mlo huo, atafika 7.7. Bado yuko juu ya 6.8, na fuwele zinaendelea kujengeka. Amejinyima, amejitahidi, amefanikiwa, na mashambulizi yataendelea. Tukimwambia kwamba hajajitahidi vya kutosha, tunamdhulumu.

Kuna tahadhari nyingine kuhusu kujinyima. Kushinda njaa kupita kiasi ili kupunguza mwili haraka hupandisha asidi ya yuriki badala ya kuishusha. Uzito upungue polepole. Anayefunga Ramadhani ajitahidi kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, apunguze vinywaji vitamu mezani, na azungumze na daktari mapema ili nyakati za dawa zipangwe upya badala ya dawa kuachwa.

Kazi iliyobaki hufanywa na dawa, na inayotumika zaidi ni alopurinoli. Ilitokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, iliruhusiwa Marekani mwaka 1966, na wavumbuzi wake ni miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Ni dawa ya miaka mingi na ipo kwa bei isiyotisha. Huanzwa kwa miligramu 100 au pungufu kwa siku, kisha huongezwa hatua kwa hatua mpaka asidi ishuke chini ya 6, au maikromoli 360 kwa lita kwa maabara zinazotumia kipimo hicho. Ikikaa chini ya hapo, fuwele zinayeyuka kidogo kidogo na mashambulizi hukoma.

Mambo mawili huwafanya watu waiache kabla haijafanya kazi. La kwanza, miezi ya mwanzo mashambulizi yanaweza kuja, kwa sababu fuwele zinapoyeyuka zinatikisika. Kwa hiyo daktari huongeza dawa ya kinga kama kolchisini kwa dozi ndogo kwa miezi mitatu hadi sita. La pili ni kuiona kama dawa ya maumivu: ukipona unaacha. Alopurinoli hunywewa kila siku, na mguu ukiwa mzima. Hatari yake kubwa, ingawa ni adimu, ni mzio mkali: ukitokwa na vipele au midomo ikachubuka, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kinyume chake, diklofenaki na dawa za jamii yake, ambazo wengi hununua duka la dawa bila cheti mwaka hadi mwaka, hazishushi asidi hata kidogo. Hutuliza maumivu huku zikiweza kuumiza tumbo, kupandisha presha na kudhoofisha figo, yaani mlango uleule ambao asidi ya yuriki inautegemea. Zipo pia dawa muhimu zinazopandisha asidi hiyo, kama baadhi ya dawa za presha za kukojoza, na pirazinamidi katika tiba ya kifua kikuu. Usiziache kwa uamuzi wako. Mweleze daktari kwamba una jongo, naye ataamua.

Tiba sahihi haihitaji bingwa. Katika utafiti uliofanyika Nottingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2018, wagonjwa 517 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa na wauguzi waliofunzwa kueleza ugonjwa, kusikiliza, kupima asidi na kuongeza dozi mpaka lengo lifikiwe. Jingine likaendelea na madaktari wake wa kawaida. Baada ya miaka miwili, asilimia 95 ya kundi la wauguzi walikuwa wamefikia lengo, dhidi ya asilimia 30 ya kundi la pili. Kwetu, ambako mabingwa ni wachache na wauguzi ndio nguzo ya kliniki, hilo ni somo la kufanyiwa kazi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ugonjwa wenyewe ni jongo. Asidi ikiwa juu kwa mtu ambaye hajawahi kushambuliwa, huo si ugonjwa wa jongo. Na katikati ya shambulio kipimo kinaweza kusoma kawaida, hivyo kirudiwe wiki mbili baada ya maumivu kutulia. Kiungo kilichovimba kikiambatana na homa kali hakipaswi kusubiri: huenda kina usaha, na usaha huharibu kiungo kwa siku chache.

Kwa watoa huduma wanaochapa orodha za makatazo, ombi ni dogo: futeni maharage, mchicha na uyoga, andikeni soda. Kwa mpishi wa nyumbani, usimpikie mgonjwa sufuria ya peke yake kama aliyefanya kosa. Chakula kinachomfaa kinaifaa familia nzima. Na wewe unayeumwa, punguza bia, soda, maini na supu kwa sababu vinaamsha maumivu, lakini usikubali kuishia hapo. Safari ijayo ya kliniki uliza namba yako ya asidi ya yuriki ni ngapi, na mpango wa kuishusha chini ya 6 ni upi. Mgonjwa aliyefika chini ya namba hiyo na kubaki hapo ana kila sababu ya kutegemea miaka bila shambulio hata moja.